Sheria ya Hodi Tatu

Nchi yenyewe haipo. Nalisema hilo mapema ili msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, wala asimkonyeze jirani yake kana kwamba ameitambua. Ilikuwa nchi ya amani, na amani yake ilitokana na makufuli. Watu walifunga milango, wakafunga visima, wakafunga mabanda ya kuku, na serikali ikafunga kila kilichobaki. Kijana akitaka kuoa alinunua kufuli kwanza, nyumba akaizungushia baadaye.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Hidaya Mbwana, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Alikuwa amefika ule umri ambao mtu akikaa huguna na akiinuka huguna tena. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, na mashine zilipokuwa zikienda, meza yake ilitetemeka naye akatetemeka nayo. Alikuwa ametengeneza michezo mingi isiyo na maana na mmoja wenye maana, nao uliitwa Kombolela.

Nani asiyeijua kombolela? Kopo linawekwa katikati, mmoja analilinda, wengine wanajificha. Akikuona, umekamatwa, unakaa chini unangoja. Lakini akitokea mwenzenu mmoja mwenye mbio akalipiga kopo teke, wote waliokamatwa wako huru. Hidaya aliutia mchezo huo ndani ya kompyuta, na vichochoro vyake, na mbwa wake, na yule mama mkali ambaye huwafukuza watoto uani kwake kwa mwiko. Aliuuza kwenye flashi, na juu ya kila kipaketi aliandika: Ukinunua, ni wako. Hakuyafikiria sana maneno hayo. Mama yake aliuza vitumbua kwa kanuni hiyohiyo, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kuuliza kama kitumbua alichokilipia ni chake.

Sasa, kompyuta za nchi hiyo ziliendeshwa na kitu kilichoitwa Mfumo Rasmi. Mfumo Rasmi ulibadilishwa kila mwaka, na kila ulipobadilishwa ulizikataa kompyuta za mwaka uliopita, nazo zikatupwa jalalani zingali nzima, taa zake zikiwaka. Huko ndiko Leokadia Mhagama alikoziokota zake. Leokadia alikuwa nesi wa wodi ya mifupa ya watoto katika hospitali ya Ukingoni, mahali ambapo mtoto hulala mwezi hata miezi mguu umening'inizwa juu, hana pa kwenda wala wa kumkimbiza. Alizifuta vumbi kompyuta zile akaziwekea Linux. Linux ni mfumo uliotengenezwa na watu wengi waliotawanyika duniani, hawajuani kwa sura, wakaugawa bure. Na ukiuweka kwenye kompyuta yako, milango yote ya ndani unaifungua mwenyewe.

Halafu akapiga simu.

"Da Hidaya, nimenunua mchezo wako kwa ajili ya wodi. Kwetu haufunguki."

"Mnatumia nini?"

"Linux."

Hidaya alishusha pumzi. Wafanyabiashara wenzake walikuwa wamemwonya: watu wa Linux ni wachache, na wanalalamika kama kijiji kizima. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini kipaketi kilisema ni wako, naye hakuwa mtu wa kula maneno yake. Akakaa kitako akaanza kuutengeneza upya. Mara picha zikaonekana kichwa chini miguu juu. Akarekebisha. Mara sauti zikapotea, mbwa anafungua mdomo habweki. Akarekebisha. Leokadia akawa anapiga simu kila kukicha, hata fundi cherehani akadhani ni mdai. Mwishowe siku moja akapiga asiseme kitu; aliinyoosha tu simu kuelekea wodini, na Hidaya akasikia watoto waliovunjika miguu wakipiga kelele za kufukuzana. Alisikiliza mpaka salio la mwenzake likaisha. Nawaambia ukweli, hakuna sifa aliyopewa maishani iliyomfurahisha kama kelele ile.

*

Ndipo ikaundwa Idara Kuu ya Kuzuia Nakala.

Mkurugenzi wake alikuwa Mheshimiwa Balozi Mstaafu Mwinyikambi, mtu mnene wa kauli, ambaye hata akiomba chumvi mezani alianza kwa kuwashukuru waliotangulia kuiomba. Siku ya kuzindua Idara aliwaita watengenezaji wote wa michezo na kuwahutubia.

"Ndugu zangu, nakala ni nini? Nakala ni kitu kilichopo mahali ambapo hakikuwepo. Na kitu kilichopo mahali ambapo hakikuwepo, kimeingiaje? Kimeingia bila kubisha hodi." Alinyamaza ili wapige makofi, wakapiga. "Sisi ni watu waungwana. Mgeni wetu hubisha hodi. Akijibiwa karibu, huingia. Akibisha mara tatu asijibiwe, huondoka zake. Hagombani, hachungulii dirishani. Nauliza: kwa nini mwanadamu awe na adabu na kompyuta ikose? Kuanzia leo kila mchezo, kabla haujafunguka, utabisha hodi kwenye kompyuta ya Idara. Ukijibiwa karibu, utafunguka. Usipojibiwa mara ya tatu, utaondoka."

Mtengenezaji mmoja aliuliza utaondoka kwenda wapi.

"Mgeni akishaondoka," alisema Mheshimiwa, "si adabu kumwuliza anakokwenda."

Maana yake ni kwamba utajifuta, usirudi tena. Hayo yaliandikwa kwenye sheria kwa herufi ndogo, zenye heshima.

Kwanza ilipendekezwa kompyuta ya Idara ijibu karibu yenyewe. Mheshimiwa alikataa katakata. Tangu lini mashine ikakaribisha wageni? Akaajiriwa mtu. Aliitwa Bwana Chande Ligomba, mpole, mwenye sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kubonyeza kitufe cha Karibu kila hodi inapoingia, tangu ofisi inapofunguliwa mpaka inapofungwa. Baada ya saa za kazi michezo haikuruhusiwa kubisha, kwani si ustaarabu kugonga nyumba za watu wakati wa kupumzika. Bwana Chande alijifunza kunywa uji kwa mkono wa kushoto. Wala kazi yake haikukaimishwa. Mheshimiwa alisema kumkaimisha mkaribishaji ni kumdharau mgeni.

Hidaya alikwenda Idarani na swali moja, akidhani atarudi kabla ya mchana. Alikuwa mgeni wa nchi yake mwenyewe, maskini.

Swali lilihusu Linux. Kufuli la Idara liliundwa likae katika chumba cha ndani kabisa cha kompyuta, mahali ambapo mwenye kompyuta haruhusiwi kuingia. Katika Mfumo Rasmi chumba hicho kilikuwepo. Katika Linux hakuna chumba ambacho mwenye kompyuta haruhusiwi kuingia. Kufuli lilipowekwa humo lilichungulia, likaona mwenyeji ana funguo, likakataa kukaa. Ofisa wa kwanza hakuelewa akampeleka kwa wa pili, wa pili akaelewa akaogopa, na baada ya kukaa kwenye mabenchi ya Idara mpaka miguu ikamvimba, Hidaya akafikishwa mbele ya Mheshimiwa Mwinyikambi.

"Unaniambia," alisema Mheshimiwa, "kwamba katika nyumba hiyo, mwenye nyumba ana funguo za nyumba yake?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Zote?"

"Zote."

"Basi hiyo si nyumba, mama. Hilo ni pango la wezi. Na huyo Linux anakaa wapi? Aitwe aje ajieleze."

"Linux si mtu, Mheshimiwa. Haina mwenyewe. Wameitengeneza watu wengi."

"Kila kitu kina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe kina mwenyewe anayejificha."

Ikatangazwa redioni kwamba Bwana Linux, popote alipo, afike Idarani na vitambulisho vyake. Kiti kiliwekwa. Maofisa walikaa upande mmoja wakakitazama kiti asubuhi nzima, hata mmoja wao akakiuliza kiti kama kinahitaji mkalimani. Ilipofika saa ya chakula Mheshimiwa alitoa uamuzi: Linux ametoroka. Tangu siku hiyo alihesabiwa miongoni mwa wanaotafutwa, na picha yake, kwa kuwa haikuwepo, ilibandikwa ikiwa tupu katika vituo vyote vya polisi.

"Na wateja wangu?" aliuliza Hidaya. "Kuna wodi ya watoto Ukingoni. Walilipia."

"Hao si wateja. Hao ni wahalifu ambao bado hawajapata nafasi."

"Ni watoto waliovunjika miguu, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana hawajapata nafasi."

Hidaya hakukata tamaa siku hiyo, wala iliyofuata. Aliomba wodi isamehewe. Akaambiwa msamaha hutolewa baada ya kosa, kwa hiyo asubiri wakose. Aliomba awadhamini yeye. Akaambiwa mdhamini wa mtu wa Linux awe ni Linux mwenyewe. Aliomba kufuli jepesi zaidi. Hapo ofisa mmoja, kijana wa watu, alimwonea huruma akamvuta kando.

"Mama yangu, mbona unahangaika hivi? Wenzako wote wameweka. Mtu anayekataa kufuli, watu watauliza anaficha nini."

"Anayekataa kufuli anaficha nini?"

"Ndiyo hapo sasa."

Hidaya alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kuisha kwa kulala. Wakampa siku ya mwisho: aweke kufuli, la sivyo karakana ifungwe, kwa kufuli hilohilo. Akaweka. Kombolela ikajibadilisha yenyewe kupitia mtandao katika kila kompyuta iliyokuwamo, na Ukingoni kopo na vichochoro na mbwa vikatoweka, ikabaki picha ya kufuli.

Leokadia alipiga simu. Safari hii hakulalamika.

"Da Hidaya, hili kufuli umeliweka wewe?"

Angeweza kumtaja Mheshimiwa, na sheria, na miguu iliyovimba. "Nimeliweka mimi," alisema.

"Haya," akajibu Leokadia, akakata simu.

Hidaya alimngoja apige tena amtukane, maana tusi mtu hulijibu. Hakupiga. Ile haya ilimkaa kifuani, na kila alipokiona kipaketi kilichoandikwa ukinunua ni wako alikigeuza kifudifudi.

*

Watu wa Linux wana ugonjwa mmoja: kitu kilichofungwa huwawasha vidole. Leokadia aliandika kwenye baraza lao la mtandaoni, akaeleza habari za wodi, na kabla hajamaliza zamu mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alikuwa amemtumia dawa. Mchezo ukafunguka bila kubisha hodi mlango wowote. Leokadia aliunakili kwa kila kompyuta ya wodi, kisha kwa wodi ya jirani, kisha kwa mama wa mgonjwa aliyekuwa anarudi kwao, na kutoka hapo hakuna ajuaye ulikofika.

Alimpigia Hidaya. "Naona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Kufuli lako tumeling'oa."

"Sijasikia," alisema Hidaya.

"Nasema kufuli, tumeli—"

"Nesi, mtandao mbaya. Sijasikia. Sauti ya mbwa ipo?"

"Inakatakata."

"Basi hilo nimelisikia. Hilo nitalitazama."

Wakati huo Idara ilikuwa inatimiza mwaka, na Mheshimiwa Mwinyikambi akatangaza Siku ya Kufuli. Kungekuwa na gwaride na nishani. Na kwa kuwa Mheshimiwa hakupenda uvivu, alisisitiza kuwa si sikukuu. Ni siku ya kazi kama nyingine, isipokuwa watumishi wote wa Idara watafanyia kazi zao uwanjani, kwa kusimama. Nishani ya kwanza alipewa Bwana Chande, kwa kutoacha kiti chake hata mara moja. Aliitwa jukwaani, akavishwa, akapigiwa makofi, naye akawa anaitazama saa ya uwanja.

Nchi nzima michezo ilikuwa inabisha hodi. Ilibisha mara ya kwanza, ikangoja kwa adabu. Ikabisha ya pili. Ikabisha ya tatu, haikujibiwa, ikaondoka. Watu waliona vioo vya kompyuta vikibaki vyeupe. Hidaya naye aliketi karakanani akaiona Kombolela yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiifanyia kazi, ikibisha na kuondoka. Kwa mujibu wa sheria, nakala ya mtengenezaji nayo ni nakala. Miaka yake yote ilikwenda kwa muda wa kumenya chungwa. Alibaki ameketi, na mashine za cherehani zikaendelea kuitetemesha meza isiyo na kitu.

Kesho yake Mheshimiwa alihutubia taifa kwa furaha. Wizi wa michezo ulikuwa umekwisha kabisa. Hapakuwa na mchezo hata mmoja ulioibiwa, na wataalamu walithibitisha kwamba hata kesho hakuna utakaoibiwa. Bwana Chande alijaribu kumweleza kilichotokea.

"Chande," alisema Mheshimiwa, akimshika bega, "usiwe mtu wa kulaumu mafanikio."

Kwa mafanikio hayo Idara ilikabidhiwa mambo makubwa zaidi. Kama michezo ya watoto imelindwa hivyo, sheria za nchi je? Ilibainika kuwa sheria zilikuwa zimezagaa ovyo, zimechapishwa vitabuni, kila wakili anazo, yaani nakala juu ya nakala. Vitabu vyote vilikusanywa vikachomwa moto. Ikabaki sheria moja halisi, ndani ya kompyuta, imefungwa kwa kufuli la Idara, na jaji au hakimu akitaka kuisoma sharti nayo ibishe hodi kwa Bwana Chande. Wananchi waliambiwa kwamba sasa sheria yao iko salama kuliko wakati wowote, nao hawakuona tofauti.

*

Ofisa wa Idara alikwenda Ukingoni kumtazama mwanawe aliyeanguka mnazini. Akiwa mlangoni pa wodi alisikia mbwa anabweka na kopo linapigwa teke. Hakumwona mbwa wala kopo. Alimsalimia mwanawe haraka, akatoka nje akapiga simu.

Leokadia alikamatwa kwa kumiliki mchezo katika nchi isiyo na michezo. Kompyuta za wodi zilibebwa kama vidhibiti, na kwa kuwa kila shtaka lazima liwe na aliyeibiwa, Hidaya akaitwa kama mlalamikaji. Hakuwa amelalamika. Aliambiwa asijali, Idara imelalamika kwa niaba yake.

Alikwenda. Alipanda ngazi za mahakama akipumzika katikati, na njia nzima aliijua hesabu ilivyo. Akisema mchezo ni wake, nesi anafungwa, kompyuta zinachomwa, na pamoja nazo Kombolela ya mwisho anayoijua yeye. Akisema si wake, amekana kazi ya maisha yake mbele ya watu, na leseni ya karakana inakwenda. Kwenye benchi alimkuta Leokadia katika sare yake ya kazi, mikono imekunjwa.

"Nani yuko na watoto?" Hidaya alimwuliza.

"Hakuna wa maana. Leo ni siku ya kubadilisha plasta." Akamtazama. "Sema linalokufaa, dada. Mimi sitakulaumu."

Hakimu alikuwa mzee aliyelala macho wazi. Mheshimiwa Mwinyikambi aliendesha mashtaka mwenyewe, na shahidi wake wa kwanza alikuwa Bwana Chande, aliyesimama kizimbani na nishani yake kifuani ili aape kwamba hajawahi kuikaribisha wodi ile.

"Sijawahi," alisema Bwana Chande. "Mheshimiwa Hakimu, naomba niruhusiwe kurudi ofisini."

"Utaruhusiwa kesi ikiisha," alisema Mheshimiwa, "usiwe na haraka, haki haikimbizwi." Akamgeukia Hidaya, akaonyesha kompyuta ya wodi iliyowekwa mezani. Mchezo ulikuwa wazi. Mama mwenye mwiko alikuwa anapita uani kwake. "Bibi Hidaya Mbwana, waambie. Huu ni mchezo wako?"

Hidaya aliutazama. Alikuwa hajauona tangu Siku ya Kufuli. Alitamani kusema ndiyo, wallahi alitamani, si kwa ajili ya kumfunga mtu, bali kwa sababu ni kweli aliutengeneza kwa mikono yake na hapakuwa na mwingine wa kulisema.

"Ulikuwa wangu," alisema. "Nikauuza."

"Kwa hiyo ni wako."

"Nimesema nimeuuza, Mheshimiwa."

"Uliuza ruhusa ya kuutazama."

"Niliuza mchezo. Niliandika kwa mkono wangu, ukinunua ni wako. Halafu nikarudi nikawafungia watu kitu chao, wakati wamelala na miguu imening'inia. Kosa hilo nimelifanya mimi. Huyu nesi amefungua kilicho chake. Kama kuna mwizi humu ndani, anza na mimi."

Leokadia alikuwa anautazama ukuta. Hakimu akakaa vizuri kitini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Sheria inasemaje," aliuliza, "kuhusu kitu kilichouzwa kikawa kimeuzwa?"

"Haisemi, Mheshimiwa Hakimu," alijibu Mwinyikambi. "Jambo hilo halijawahi kutokea."

"Tuangalie." Na hakimu akaivuta kompyuta ya mahakama, akaifungua sheria ya nchi.

Kioo kikaandika: Hodi.

Bwana Chande, kule kizimbani, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Karibu," alisema kwa sauti. Lakini sheria haikuwa na masikio, ilikuwa na kitufe, na kitufe kilikuwa upande wa pili wa mji.

Hodi, kioo kikaandika tena.

"Mheshimiwa, niachie niende," alisema Bwana Chande. "Nakuomba."

"Shahidi atulie kizimbani," alisema Mheshimiwa. "Sheria haiwezi kushindwa kungoja mtu mmoja."

Hodi, kikaandika mara ya tatu. Kikangoja kwa adabu zake zote. Kisha sheria ya nchi ikaondoka, yote, ya ardhi na ya ndoa na ya mirathi na ile ya kuunda Idara yenyewe, na kioo kikabaki cheupe.

Hakimu alikitazama. Akavua miwani akaipangusa, akaivaa, akatazama tena.

"Basi," alisema, "mahakama haina la kusema, kwa kuwa haina pa kulisomea. Nendeni nyumbani."

Mheshimiwa Mwinyikambi aliamuru wote wakamatwe. Askari mmoja aliuliza, kwa heshima, kwa sheria ipi. Leokadia alikuwa amekwisha ibeba kompyuta ya kwanza begani. Hidaya akabeba ya pili, akiguna, wakawahi kubadilisha plasta.

*

Serikali haikutangaza kwamba imepotewa na sheria. Ilitangaza tu, redioni, kwa sauti tulivu, kwamba raia yeyote ambaye kwa bahati mbaya aliwahi kuiba nakala ya sheria za nchi anaombwa airudishe, hataulizwa swali wala kuchukuliwa jina, na atapewa kiti cha mbele kwenye gwaride lijalo. Walingoja. Maofisa walipita masokoni wakinong'ona kwa wauza flashi. Hakuna aliyejitokeza.

Mwisho wa yote Mheshimiwa Mwinyikambi alikuja Ukingoni mwenyewe, bila msafara, kofia mkononi. Alimkuta Hidaya amekaa kwenye kigoda kati ya vitanda viwili, anaitafuta ile sauti ya mbwa iliyokuwa inakatakata.

"Mama," alisema, "nyie watu wa Linux mna kila kitu kilichowahi kufungwa. Naomba mniulizie. Sitamkamata mtu."

Hidaya alimtazama Leokadia, Leokadia akainua mabega, akaandika kule barazani kwao. Majibu yalianza kuingia palepale, ya watu wengi, na walikuwa waungwana, walitafuta kweli. Kombolela walikuwa nayo. Michezo yote iliyoondoka Siku ya Kufuli walikuwa nayo, hata ile mibaya. Walikuwa na masomo ya shule, na mapishi ya futari, na tamthilia za redio ambazo wenyewe walikuwa wameshazifuta. Mtu mmoja alikuwa na hotuba ya Mheshimiwa ya kuzindua Idara, aliihifadhi kwa kuwa humchekesha.

"Na sheria?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hawana," alisema Leokadia.

"Hata mmoja?"

"Watu huiba wanachokipenda, Mheshimiwa," alisema Hidaya. Hakulisema kwa kumkomoa. Alikuwa amechoka mno kumkomoa mtu. "Hakuna hata mmoja."

Mzee yule aligeuzageuza kofia yake. Watoto wakaendelea kupiga kelele, hawakuwa na habari naye. Hidaya akainuka, akaguna, akamsogezea kigoda akae.